Lishe ya Mama wa Mjini na Wajibu wa Chama cha Msingi

Maneno ya hotuba kwa ajili ya mikutano ya wanachama, Kigoma na Ujiji



Mgeni ashukaye garimoshi katika stesheni ya Kigoma, ulipo mwisho wa Reli ya Kati tangu mwaka 1914, hawezi kuamini upesi kwamba mji huu una shida ya chakula. Akienda Kibirizi au Katonga alfajiri atakuta dagaa na migebuka wanashushwa kutoka mitumbwini. Akipanda hadi masoko ya Mwanga na Gungu atakuta maharage yaliyoletwa kutoka Kasulu na Kibondo, ndizi za Manyovu, unga wa muhogo, mawese mekundu ndani ya madumu, chumvi ya Uvinza, na katika majira yake maembe ya Ujiji, ambayo mengine huoza chini ya miti kwa wingi wake. Mkoa wenyewe, miaka ya mvua njema, huvuna chakula cha kutosha na ziada, na magunia yake huvuka mpaka kwenda Burundi na kuvuka ziwa kwenda Kongo.

Hata hivyo, katika mji huo huo, wenye watu zaidi ya 230,000 kwa hesabu ya mwaka 2022, wamo akina mama ambao kutwa nzima mikono yao inanuka samaki na jioni hawana kitoweo cha kutosha nyumbani kwao. Mama huyo ndiye anayehusika na hotuba hii. Yeye hupokea dagaa wabichi ufukweni, huwaanika, huwageuza, huwafukuzia kunguru, huwafunga na kuwauza. Mwingine hukamua mawese. Mwingine ni mama lishe, apikaye wali na maharage kwa wachukuzi na abiria, naye mwenyewe hula ukoko sufuria ikishaisha.

Yafaa kwanza kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 42. Ni tofauti ya wanawake watatu tu katika mia. Mwanamke asiye na mimba huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu kipimo chake kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, lakini mumewe na jirani zake hawaoni gramu. Wanaona mtu anayechoka upesi, anayehema akipanda mlima kutoka ufukweni, anayesinzia mchana na kuumwa kichwa. Wengine humwita mvivu. Akishika mimba katika hali hiyo, damu kidogo apotezayo wakati wa kujifungua yaweza kumwondolea uhai, na mtoto wake yumo hatarini kuzaliwa na uzito mdogo.

Upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria ina sehemu yake kubwa, na Kigoma inaijua malaria: katika uchunguzi wa mwaka 2017 mkoa huu ulikuwa wa kwanza nchini, watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Minyoo nayo imo, na kuzaa kwa kufuatana pasipo mwili kupumzika. Hayo yana wataalamu wake katika zahanati. Chakula ni jambo lililo karibu zaidi na uwezo wa chama cha ushirika, na kwa sababu hiyo hotuba hii itakaa hapo.

Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliichunguza njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wapatao milioni tatu. Alionyesha kwamba chakula kilikuwapo. Waliokufa walikuwa wale ambao kipato chao hakikuweza tena kukinunua, na miongoni mwa walioumia zaidi walikuwa wavuvi, wachukuzi na vibarua wa mashambani. Kigoma haijafikia msiba wa namna hiyo wala haitazamiwi kuufikia. Lakini somo lake lahusu kila mji ambamo watu hula kwa fedha ya siku ile ile. Mkulima wa Buhigwe akikosa shilingi bado ana muhogo shambani. Mama aliyepanga chumba kimoja Mwanga au Ujiji akikosa shilingi hana muhogo wala kuni, na pengine hana hata maji.

Kisha mama huyo hununua ghali kuliko tajiri. Mwenye fedha hununua gunia. Yeye hununua kwa kibaba, mafuta kwa kipimo kidogo cha kikombe, mkaa kwa kopo, nyanya kwa fungu. Akizijumlisha hela hizo kwa mwezi mzima atakuta amelilipia gunia lile lile kwa bei ya juu, na gunia lenyewe hajaliona. Mkaa nao humchagulia chakula. Maharage yana protini na madini ya chuma, na yapo sokoni mwaka mzima, lakini huchukua saa nyingi jikoni. Basi mama hupiga hesabu ya mkaa na kuyaacha. Mtaalamu anayehimiza watu wale maharage bila kusema habari za mkaa amefundisha nusu ya somo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa asubuhi, huiva kwa muda mfupi zaidi. Vyungu vya nyumba mbili au tatu vikiungana katika moto mmoja, gharama hupungua tena.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mwambao wa Tanganyika wanalijua, nalo halimo katika vitabu vya lishe vinavyoandikwa kwa nchi nzima. Ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa jua na betri. Samaki hufuata mwanga wa taa gizani. Mbalamwezi inapokuwa kali, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi hupumzika kiasi cha wiki moja au hata siku kumi. Wavuvi wanapopumzika, na mwanikaji hupumzika, mchukuzi hupumzika, na mama lishe wa ufukweni hukosa wateja. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Kibirizi na Katonga chakula hupanda na kushuka pamoja na mwezi: siku za giza sufuria mbili, siku za mbalamwezi moja, na pengine uji. Mume akiwa na haki ya kwanza ya kitoweo na watoto ya pili, anayepunguziwa wakati huo ni mama. Aghalabu hujipunguzia mwenyewe pasipo mtu kumwamuru, na hilo ndilo linalofanya jambo lisionekane.

Na itazamwe siku yake ilivyo. Asubuhi, chai ya rangi na kitumbua. Mchana, kipande cha muhogo, au hakuna kitu mpaka mzigo uuzwe. Jioni, ugali wa muhogo, dagaa wachache, matembele kidogo. Hapo zamani walimu wa lishe walifundisha mafungu matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Siku hizi kipimo kinachotumika kwa wanawake ni cha mafungu kumi: nafaka pamoja na mizizi na ndizi, maharage na jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, majani ya kijani, matunda na mboga zenye rangi ya njano ya kukoza, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke aliyekula angalau mafungu matano katika siku moja anatazamiwa kuwa amepata madini na vitamini za kumfaa. Mama wa siku iliyoelezwa amepata mafungu matatu. Akiongeza bakuli la maharage na kipande cha embe au papai, amefika matano. Vitu hivyo viwili vyote vinauzwa Gungu, na maembe huwa mengi kuelekea mwisho wa mwaka, miezi ambayo bei ya unga huanza kupanda.

Ugali wa muhogo hauna kosa. Kwa miaka mingi umewabeba watu wa Kigoma, nao hutia nguvu. Lakini protini iliyomo ni kidogo mno, hivyo ugali huo huhitaji mwenziwe kuliko ugali wa mahindi unavyohitaji. Mwenziwe wa asili ni dagaa. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo humpa mlaji chokaa ya mifupa pamoja na protini na madini ya chuma. Tena, samaki akiliwa pamoja na maharage huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharage. Ndimu au chungwa husaidia vile vile. Chai hufanya kinyume. Ikinywewa pamoja na chakula huyafunga madini hayo, na ni afadhali inywewe saa moja au mbili baadaye. Habari hii haimgharimu mtu hata senti, na mama wengi wajawazito hawajaambiwa. Wajawazito hupewa pia vidonge vya kuongeza damu kliniki; wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu ya maneno ya watu kwamba mtoto atakuwa mkubwa mno. Mama anyonyeshaye naye huhitaji kiasi cha kalori 500 zaidi kila siku, takriban mlo mdogo mmoja. Katika baadhi ya nyumba bado mwenye mimba hukatazwa mayai. Heshima kwa wazee haizuii kusema kwamba katazo hilo halina msingi.

Mawese ni habari peke yake. Mafuta haya mekundu ni miongoni mwa vyakula vya mimea vilivyo tajiri kupita vyote kwa vitamini A, ile inayolinda macho na kuupa mwili kinga, na Kigoma ndiyo nyumba ya michikichi katika Tanzania. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikihimiza kilimo cha michikichi mkoani, na kituo cha utafiti cha Kihinga hutoa mbegu bora. Ni jambo jema kwa mkulima. Ila katika nyumba za mjini imeingia tabia ya kuyadharau mawese kuwa ni mafuta ya kimaskini, na kununua mafuta meupe ya madukani, ambayo wekundu na faida yake vimeondolewa kiwandani. Wengine huyaunguza mawese hadi yapoteze rangi, wakidhani wanayasafisha. Kijiko kimoja au viwili vya mawese ambayo hayakuunguzwa, katika chungu cha kisamvu au maharage, vingewatosha walaji. Kuzidisha mafuta nako si kuzuri, kwa maana mijini tatizo lina sura mbili: uchunguzi ule wa 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 28 katika 100 wana uzito uliopita kiasi, na wa mijini walikuwa wengi kuliko wa vijijini. Mtu aweza kuwa mnene na kukosa damu kwa wakati mmoja, iwapo anashibishwa na maandazi, sukari na mafuta.

Nchi hii haikuanza leo kulizungumza jambo hili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, ambayo ilisikilizwa katika vikundi kwa redio. Mafunzo yake yalikuwa mazuri, lakini yaliwakusudia zaidi wenye jembe na shamba. Mkazi wa mjini alitegemea sembe ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na ruzuku ya sembe ilipoondolewa mwaka 1984, bei ya unga ikaachwa kufuata mkondo wake. Vyama vya ushirika navyo vilikuwa vimefutwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hivyo katika miaka ambayo mama wa mjini alihitaji sana chombo cha kununulia chakula kwa pamoja, chombo hicho ama hakikuwapo ama kilikuwa kinajifunza kutembea upya.

Sasa ziwa lenyewe limebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto la maji ya Tanganyika kumezuia maji ya chini, yenye rutuba, kupanda juu, na kwamba vijimea vinavyolisha dagaa vimepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa asilimia 30. Juu ya hilo wavuvi wameongezeka na nyavu zimekuwa ndogo matundu. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ina maana, na mwenye kuipinga bila kutoa njia nyingine hawafikirii wajukuu wake. Lakini miezi mitatu ni kama mbalamwezi tatu zilizounganishwa bila giza katikati. Mwenye mtumbwi na nyavu alijulikana na akatajwa katika kila kikao. Mwanikaji wa dagaa, asiye na leseni wala chombo, kazi yake ilisimama siku ile ile.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya jikoni hayastahili kuletwa katika mkutano mkuu. Wakumbushwe kwamba waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao kila mwanaushirika hufundishwa habari zao, walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844 walianza kwa unga, siagi na sukari, na mishumaa kidogo. Ushirika ulianzia jikoni. Ni ajabu kwamba chama cha wavuvi au cha akiba na mikopo cha Kigoma chaweza kukaa kutwa kuzungumzia injini, nyavu na madeni, na lisitajwe hata mara moja neno chakula.

Chukuliwe mfano wa kikundi cha wanawake hamsini katika chama kimoja. Kila mmoja akiweka shilingi 500 katika kila usiku wa kazi, na usiku wa kazi ukawa 18 kwa mwezi, atakuwa ameweka shilingi 9,000, na kikundi kizima shilingi 450,000. Kwa miezi mitatu ni shilingi 1,350,000. Fedha hiyo ikinunua maharage na mahindi kwa magunia kuanzia mwezi Juni, mavuno yakishaingia, na mazao yakakaushwa barabara na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyale, chama kitakuwa na ghala la kuwapimia wanachama wake kwa kibaba, kwa bei ya gunia, siku za mbalamwezi na miezi ya Januari na Februari. Asiwepo wa kukopeshwa bila kuandikwa. Maghala mengi ya ushirika yaliuawa na ukarimu usioandikwa, na wazee waliomo mkutanoni wanayakumbuka.

Ghala pekee halitoshi iwapo kila dagaa mzuri anauzwa. Mama wengi huuza mzigo wote kisha hutafuta kitoweo kwa hela iliyobaki, na hela haibaki. Kuna taratibu bora zaidi: kopo moja la dagaa wakavu litengwe kabla ya mzigo kufungwa, liwekwe juu, lihesabiwe kuwa limekwisha kuuzwa. Hata wale waliovunjika, ambao mnunuzi huwakataa, hawakupungukiwa kitu katika lishe; wakioshwa mchanga na kutwangwa huwa unga mzuri wa kutia katika uji wa mtoto na mboga ya mama mwenye mimba. Vichanja vya kuanikia, ambavyo huondoa mchanga na kuokoa mzigo mvua inaponyesha ghafla, ni mkopo ambao chama chapaswa kuutoa kabla ya mikopo mingi inayotolewa sasa, maana mzigo ukioza mchangani, chakula cha nyumba nzima kimeoza pamoja nao. Kwa wenye uwanja mdogo, gunia la udongo mlangoni huotesha matembele na mchicha kwa maji yaliyosuuzia vyombo.

Limebaki neno moja ambalo wanaume wa vyama huenda wasilipende. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 humpa kila mwanachama kura yake moja. Lakini katika kaya nyingi mwenye kadi ni mume, mwenye kazi ni mke, na malipo huingia kwa jina lililo kwenye kadi. Fedha inayopita mkononi mwa mama huelekea sufuriani kwa urahisi zaidi. Wafanyakazi wa afya wa nchi nyingi wameliona hilo, na mwenye duka la mtaani analijua bila kufundishwa. Chama kinachotaka wanachama wake wale vizuri hakina budi kuanza kwa kumwandikisha mwanikaji mwenyewe, kwa jina lake, hisa zake na sahihi yake au dole gumba lake.

Kazi ya kwanza, basi, ni ya katibu. Kabla ya mkutano ujao apite ufukweni na sokoni katika eneo la chama chake, siku moja ya giza na siku moja ya mbalamwezi, aandike wanawake wangapi wanafanya kazi ya kuanika, kukamua na kupika, wangapi kati yao ni wanachama, na siku hiyo kila mmoja amekula mafungu mangapi katika yale kumi. Asimulize mume. Daftari la kurasa mia moja lamtosha, na orodha hiyo isomwe mkutanoni kabla ya taarifa ya madeni.